Kwa nini karati 24? Siku nane kutoka Athens hadi Istanbul

Siku ya kwanza, Athens

Mjomba wangu ni sonara. Duka lake liko Mkunazini, Unguja, na likizo zangu za utotoni zilipita mle ndani, nikivuta mivukuto na kufagia vumbi la dhahabu kwa unyoya wa kuku, maana kwa sonara hakuna taka. Nilikuwa darasa la sita nilipomwuliza kwa nini dhahabu safi inaitwa ya karati 24. Kwa nini isiwe 10, au 100, hesabu za watu wenye akili? Hakuinua hata macho. "Ndivyo tulivyoikuta," akanijibu, akaendelea kulehemu kipini cha bibi harusi.

Nimekaa na jibu hilo miaka 30. Siku hizi nafundisha historia sekondari na jibu lenyewe nimeshalisoma vitabuni, lakini kusoma ni kusoma. Nilitaka kuiona kwa macho hiyo sarafu iliyotuletea 24. Bahati nina kaka Athens, mtoto wa baba mkubwa, baharia aliyeshuka bandari ya Piraeus mwaka 1989 "kwa wiki mbili tu" na hajapanda tena meli. Anaishi mtaa wa Kypseli, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Nilipomweleza kwamba nimekuja kutazama sarafu za dhahabu za makaisari wa Bizanti, yaani dola ya Warumi wa mashariki, halafu nizifuate kwa basi mpaka kwenye mji zilikofuliwa, alicheka hadi akakohoa.

"Wenzio wanakuja Ulaya kutafuta pesa, mdogo wangu. Wewe umekuja kuzitazama."

Leo sikutoka. Wali wa kaka, chai ya maziwa, usingizi.

Siku ya pili, Athens

Makumbusho ya Sarafu yako barabara ya Panepistimiou, katikati ya mji, ndani ya nyumba aliyojijengea Heinrich Schliemann, yule Mjerumani aliyechimba magofu ya Troy. Ni nyumba ya tajiri haswa: dari zimechorwa, sakafu ni mozaiki, picha za vipande vidogo vilivyopangwa, na nje kuna bustani yenye mkahawa. Kaka aliniacha mlangoni akaenda zake mkahawani. Nilipotoka baada ya saa tatu nilimkuta palepale na vikombe vinne vitupu mbele yake.

Nilianza na Constantine, kaisari wa Roma. Kabla yake Warumi walikuwa wakipiga sarafu 60 za dhahabu kwa ratili moja. Mnamo mwaka 309 hivi yeye akaamuru ratili hiyohiyo itoe sarafu 72, nyepesi kidogo lakini safi, na zikaitwa solido, yaani thabiti. Wagiriki wakaziita nomisma. Kila moja ilikuwa na gramu 4.5 hivi. Nilikuwa nimejijengea picha ya kitu kikubwa chenye fahari, kumbe upana wake unapita kidogo tu ukucha wa kidole gumba, na wembamba ni wa kifungo cha shati. Dola nzima ilikuwa ikilipa majeshi yake kwa kitu hiki.

Sasa hesabu. Kwa vitu vya thamani Warumi walikuwa na kipimo kidogo kabisa, mbegu ya kharubu, mti wa nchi zinazoizunguka Mediterania. Wagiriki waliiita keration, yaani kijipembe, kwa kuwa ganda lake limepinda kama pembe. Ratili moja ilihesabiwa kuwa na mbegu 1,728. Gawanya kwa 72. Unapata 24.

Ndiyo hiyo. Nomisma moja ilikuwa na uzito wa mbegu 24, na zote 24 zilikuwa dhahabu tupu. Keration ikapita kwa Waarabu ikawa qirat, ikafika kwetu karati. Hapo pia nikaelewa jambo linalowachanganya wateja wa mjomba kila siku: karati ya almasi ni uzito, karati ya dhahabu ni usafi, na neno ni moja. Chanzo ni sarafu hii. Ukifua sarafu yenye uzito wa mbegu 24 na ndani yake ukatia dhahabu ya mbegu 18, zilizobaki 6 ukazijaza fedha na shaba, umepata dhahabu ya karati 18.

Kwenye sarafu ya Justinian, aliyetawala 527 hadi 565, upande mmoja yuko kaisari ana kwa ana, ngao na mpira wenye msalaba mkononi. Upande wa pili amesimama malaika, na chini ya miguu yake zimo herufi tano: CONOB. CON ni Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo. OB ni kifupi cha neno lenye maana ya dhahabu iliyosafishwa kwa moto. Mjomba naye ana kimuhuri chake cha 22 anachokigonga ndani ya pete kwa nyundo ndogo. Kazi ni ileile, ila malaika hana.

Nilitembea na nyuso. Heraclius wa karne ya 7 anaanza na ndevu za kawaida, na miaka inavyopita ndevu zinamfika kifuani, kando yake wanawe wakiongezeka kimo. Justinian II ndiye wa kwanza kuweka sura ya Yesu upande wa mbele na kujisogeza yeye mwenyewe nyuma, akijiandika mtumwa wa Kristo. Mwaka 695 walimpindua wakamkata pua, akarudi madarakani bila pua, na sarafu zake mpya hazikuonyesha kasoro yoyote. Kuna Irene, mwanamke aliyetawala peke yake 797 hadi 802: huyo alijiweka pande zote mbili, kusije kukawa na ubishi.

Nilipofika kwenye karne ya 11 nikasimama. Huna haja ya kusoma vibandiko. Safu inaanza na njano iliyoiva, kama nyama ya embe dodo lililokatwa sasa hivi, halafu inapauka, inapauka, mpaka mwisho ni rangi ya majani makavu. Nilimpigia mjomba kwa video nikaisogeza simu karibu na kioo.

"Shikamoo mjomba. Unaziona hizi?"

"Marahaba. Hizo za kulia zina fedha nyingi," akasema hapohapo. "Na ile ya mwisho ningeikataa hata kwa rehani. Nani kafanya hivyo?"

Nikamwambia makaisari wenyewe.

"Astaghfirullah," akasema mjomba, kwa dhati kabisa, kana kwamba tukio ni la juzi.

Siku ya tatu, basi la Thessaloniki

Kilomita 500 hivi kwenda kaskazini. Kaka alinifungia maandazi kwenye foili na kunipa pesa ya maji, mtu mzima mimi na ndevu zangu.

Njiani nilikuwa na kisa kimoja kichwani. Kwenye miaka ya 550 hivi mfanyabiashara wa Alexandria, Cosmas, aliandika habari za bahari yetu hii ya Hindi. Anataja hata bahari iitwayo Zingion, ng'ambo ya nchi ya ubani, na wataalamu wanalisoma jina hilo kuwa ndilo Zanj, yaani pwani ya kwetu. Anasimulia kwamba mfanyabiashara Mrumi, Sopatros, alifika Sri Lanka sambamba na Mwajemi. Mfalme wa huko akawauliza: kati ya wafalme wenu, nani mkubwa? Mwajemi akapayuka. Sopatros kimya. Alipobanwa akasema, wafalme wote wawili unao hapa, watazame. Akamaanisha sarafu. Nomisma ya dhahabu, imeng'aa. Ya Mwajemi ya fedha. Mfalme akazigeuza huku na huku, akatoa hukumu, na Sopatros akapandishwa tembo akazungushwa mji kwa ngoma. Ni kisa cha mshindi anayejisimulia, hilo silifichi. Lakini Cosmas anasema jambo jingine, kwamba sarafu hii ilipokewa kila mahali kutoka mwisho mmoja wa dunia hadi mwingine, na hapo dhahabu yenyewe inamtolea ushahidi, maana imefukuliwa mpaka India.

Na sisi tumebaki na majina. Dinari asili yake ni Kilatini, denarius. Dirhamu ni drakma ya Wagiriki. Na fulusi, neno ambalo bibi yangu alilitumia kila alipotaka kutuambia hana, limetokana na follis, sarafu ya shaba ya Bizanti. Nomisma moja ilivunjwa kwa follis 288. Dinari imetajwa ndani ya Qur'ani, Sura ya Al Imran, na dinari iliyokuwa ikizunguka Hijazi wakati ule ilikuwa hii ya Warumi, yenye kaisari na msalaba. Waislamu waliendelea kuitumia kwa miaka mingi. Khalifa Abd al-Malik alianza kwa kuiga umbo lake: msalaba uliosimama juu ya ngazi ukakatwa mikono ukabaki nguzo. Kisha mwaka 77 wa Hijria akaondoa picha zote, ikabaki shahada na maandishi, gramu 4.25.

Abiria jirani yangu, mama mmoja wa Kigiriki, alikula andazi langu moja akataka na la pili.

Siku ya nne, Thessaloniki

Mvua. Niliingia Rotunda, jengo la duara la zama za mwisho za Warumi, nikatazama mozaiki za dhahabu zilizobaki kwenye kuba mpaka shingo ikauma. Kule juu dhahabu ni karatasi nyembamba iliyobanwa kati ya vipande viwili vya kioo. Niliandika hilo kwenye daftari bila kujua kama litanifaa. Saa nne usiku, basi la Istanbul.

Siku ya tano, mpakani, kisha Istanbul

Mpaka wa Ugiriki na Uturuki ni mto Evros, tukaufikia saa nane za usiku. Upande wa kwanza walitushusha wote, baridi inakata, mizigo ikapangwa chini kama mnadani. Pasipoti yangu ya Tanzania ikapelekwa chumba cha ndani na kukaa huko muda ambao abiria wengine walinipa majina niliyoyasoma usoni mwao bila kujua lugha yao. Afisa aliporudi aliniuliza nakwenda Istanbul kufanya nini. Nikamjibu kweli tupu: kuangalia pesa za zamani. Akanitazama, akagonga mhuri.

Mchana nilishuka tramu kituo cha Çemberlitaş. Pale imesimama nguzo ya Constantine, ya jiwe la zambarau, iliyokuwa katikati ya uwanja wake alipozindua mji mwezi Mei 330. Imeungua, imepasuka, imefungwa mikanda ya chuma kiunoni, na Waturuki wameipa jina hilohilo: jiwe la mikanda. Tramu inayopita mbele yake inafuata Mese, barabara kuu ya makaisari.

Hapa nilikaa sana, na si kwa sababu ya nguzo. Kuna kitabu cha kanuni za mkuu wa mji cha mwanzoni mwa karne ya 10, zama za kaisari Leo VI, na sura moja ni ya masonara. Sonara haruhusiwi kununua zaidi ya ratili moja ya dhahabu isiyofuliwa. Haruhusiwi kufanyia kazi nyumbani kwake: afanyie kwenye karakana za Mese, watu wakimwona. Wabadilisha fedha nao, atakayekwangua nomisma au kuighushi, mkono unakatwa. Nilisimama kwenye lami hiyo nikifikiria masonara waliokaa hapa miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, milango wazi, kila mmoja akijua jirani anamchungulia. Na dakika tano kwa miguu kutoka kwenye nguzo kuna lango la Kapalıçarşı, lile soko kubwa lenye paa, ambamo hadi leo dirisha baada ya dirisha ni dhahabu. Sijui kama kuna kazi nyingine iliyong'ang'ania mtaa wake namna hii.

Mkono wa raia ulikatwa kwa kukwangua sarafu. Kesho nakwenda kuwaona walioikwangua wakabaki na mikono yao.

Siku ya sita, Hagia Sophia

Hagia Sophia lilikuwa kanisa kuu la makaisari, leo ni msikiti. Mgeni hulipa yuro 25 kupanda ghorofani, kwenye mozaiki. Kwenda kuswali chini hulipi kitu. Nilifanya yote mawili, nikianza na bure.

Kule juu, roshani ya kusini, mwisho kabisa ukutani: Yesu katikati, kulia kwetu Malkia Zoe ameshika hati, kushoto Constantine IX ameshika mfuko. Mfuko huo ndio nilioufuata. Ni mfuko wa dhahabu, sadaka ya kaisari kwa kanisa, umefungwa shingo na umetuna chini kama mfuko wa karafuu. Ukisogea unaona uso wa kaisari umebandikwa: kuna alama za kufumua na kufuma upya shingoni, na jina juu yake limebanwa kuingia nafasi isiyokuwa yake. Zoe aliolewa mara tatu, na ukuta huu ulianza na mume mwingine. Wanaume walibadilishwa kichwa. Mfuko ulibaki uleule.

Ila si kilichomo ndani. Mume wa pili, Michael IV, waandishi wa zama hizo wanasema alikuwa mbadilisha fedha kabla ya kuingia ikulu, na ni katika miaka yake, 1034 hadi 1041, dhahabu ya nomisma inaanza kupungua. Mtu anayeijua sarafu kwa vidole anajua pia ni kiasi gani unaweza kutoa bila mtu kushtuka. Mume wa tatu, huyuhuyu wa ukutani, aliishusha mpaka karati 18 hivi.

Kwa nini? Nimeona watu wakijibu kwa neno moja, ubadhirifu, na hilo lipo, Constantine huyu hakuwa na mkono wa kubana. Lakini zipo pia vita zilizolipiwa mipaka yote miwili, na biashara iliyokua kuliko dhahabu iliyokuwepo. Kuchanganya kidogo kuliongeza sarafu sokoni. Mjomba angewaambia jambo analowaambia vijana wake: kuchanganya si kosa, 18 ni dhahabu halali, kosa ni kuuza 18 kwa jina la 24.

Baada ya hapo ni mteremko. Mwaka 1071 jeshi lilivunjwa na Waturuki huko Manzikert na kaisari akatekwa. Michael VII aliyefuata alishuka chini ya 16, na bei ya ngano zama zake ikawa kipimo cha ngano kasoro robo kwa nomisma moja. Watu wakamwita Parapinakes. Watafsiri hupata shida na jina hilo. Kwetu ni rahisi, maana pishi ni vibaba vinne: huyo ni Bwana Pishi-Kasoro-Kibaba. Nikephoros III akafika 8 hivi. Mwanzoni mwa Alexios I sarafu ya dhahabu ilikuwa haina dhahabu ya kusemwa. Miaka kama 60 kutoka Michael IV, baada ya karne saba ambazo haikuyumba kwa maana.

Alexios ndiye aliyeirudisha, mwaka 1092. Hakurudi kwenye 24, alipiga mpya ya karati 20 na nusu na kuiita hiperpironi, yaani iliyopita motoni sana. Ilikuwa imejikunja kama kisosi. Sarafu za mapana hayo zilianza kukunjwa karne hiyohiyo. Nilishangaa kugundua kwamba mtu anaweza kurekebisha pesa iliyokufa na watu wakaipokea. Kwa miaka zaidi ya 100 waliipokea.

Njiani kurudi nilikula mkate wa ufuta, simit, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa uwanja wa zamani wa mbio za farasi. Paka watatu walinizunguka wakinidai.

Siku ya saba, Kariye, na kijana mwenye kisosi

Kariye iko mbali, karibu na kuta za kale za mji, upande wa nchi kavu. Ni kanisa lililogeuzwa msikiti, likawa makumbusho, likarudi msikiti. Juu ya mlango wa ndani yuko Theodore Metochites amepiga magoti, kofia kichwani kubwa kuliko kilemba chochote nilichowahi kuona, mikononi ameshika kanisa zima dogo kama keki, anamkabidhi Yesu. Ndiye aliyelitengeneza upya na kulipamba, kazi iliyomalizika mwaka 1321. Alikuwa mkuu wa hazina ya Andronikos II.

Mkuu wa hazina. Nikakumbuka daftari langu la Thessaloniki. Yule mzee amezungukwa na dhahabu kila upande, inametameta kila wingu linapopisha jua dirishani, na yote ni karatasi nyembamba kuliko ganda la kitunguu kati ya vioo. Wakati huohuo hiperpironi aliyokuwa akiisimamia ilikuwa imeshuka mpaka karati 12, nusu kwa nusu. Michael VIII, aliyeurudisha mji mwaka 1261 kutoka kwa wapiganaji wa Magharibi waliokuwa wameuteka, alikuwa nayo kwenye 15. Kufikia hapo Florence ilishaanza kupiga floreni, sarafu ya dhahabu safi, tangu 1252 na Venice dukati yake tangu 1284, na mfanyabiashara mwenye akili timamu alijua aweke nini kibindoni.

Mwaka 1343 Malkia Anna aliweka rehani vito vya taji kwa Venice, dukati 30,000. Havikukombolewa. Mwaka 1347 kaisari John VI alipovishwa taji, mashuhuda waliandika kwamba vito vilikuwa vya kioo. Haikupita miaka mingi dhahabu ikakoma kufuliwa kabisa. Mji uliishi karne moja zaidi kwa sarafu za fedha na shaba, mpaka Waturuki walipouteka mwaka 1453.

Jioni, karibu na hoteli, kijana mmoja alinifuata akinong'ona kwa Kiingereza na Kiarabu cha kuokota. Alikuwa na kisosi. Hiperpironi, kaisari upande mmoja, Yesu upande wa pili, ya shambani kwa babu yake, yuro 200. Nikaishika. Kwa nusu dakika, nakiri, moyo ulikwenda mbio. Halafu kidole kikafanya kazi iliyofunzwa Mkunazini: kikazunguka ukingo. Kulikuwa na mshono, uzi mwembamba uliopita ukingo wote, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Uso nao ulikuwa na vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa. Sarafu za makaisari zilipigwa, nyundo na mhuri juu ya bamba, hii ilimiminwa. Nikampigia mjomba video ili tu nimsikie.

"Hiyo imemiminwa," akasema. "Mrudishie mwenyewe, na umsalimie."

Hata ingekuwa ya kweli ningeirudisha: kutoa vitu vya kale Uturuki ni jela. Kijana hakukasirika. Aliishusha mpaka yuro 20, kisha akaniuliza kama kwetu kuna kazi.

Siku ya nane, masokoni

Asubuhi, soko la viungo la Mısır Çarşısı. Nilikuwa sijui kharubu inaitwaje kwa Kituruki, nikachora ganda kwenye daftari. Muuzaji akacheka: keçiboynuzu. Maana yake pembe ya mbuzi. Wagiriki wa kale waliona pembe, na Waturuki nao wameona pembe. Nikanunua nusu kilo. Ganda ni la hudhurungi iliyokolea, tamu ukilitafuna, lina harufu ya asali iliyokaa sana. Mbegu ndani ni ngumu kama changarawe, zinang'aa.

Nilizitoa zote hotelini kwa kisu, vidole vikanata, kisha nikaenda nazo Kapalıçarşı. Duka la tatu ndilo lililonikubalia. Mzee wa makamo, miwani puani, alikuwa akimwuzia familia moja çeyrek, sarafu ndogo ya karati 22, gramu 1.75, ya kumbandika mtoto mchanga wa ndugu yao. Hapa bibi harusi na watoto hubandikwa sarafu za dhahabu kwa utepe mwekundu. Walipoondoka nikamweleza haja yangu: mizani yake, dakika tano. Nikamwaga mbegu mezani juu ya kitambaa cheusi. Alidhani nimekuja kuuza, akasikitika kidogo.

Tukahesabu 24 za kwanza, mimi na yeye. Mizani: gramu 4.31. Nomisma ni 4.5. Karibu, lakini sonara hasemi karibu. Mbegu hazilingani, ukizipanga utaona: nyingine nene, nyingine bapa kama zilizokaliwa. Ndiyo maana watu wa hazina hawakupima kwa mbegu za mti, walipima kwa vipande vya shaba na kioo vilivyopigwa mhuri, mbegu ikabaki jina tu.

Nikampigia mjomba aone. Safari hii nilichagua zilizonona, nikazitia kwenye sahani ya mizani moja moja mbele ya simu, huku mwenye duka akitafuna ganda langu na kuitikia hesabu kwa Kituruki. Mizani ikasimama kwenye 4.68.

"Imezidi," nikasema.

"Zihesabu tena, mjomba," akasema mjomba. "Umetia 25."

Nikabisha. Mwenye duka, asiyejua neno la Kiswahili, akaimwaga sahani juu ya kitambaa na kuanza kuzisogeza mbilimbili kwa kibano. Ilipobaki moja peke yake akaninyanyulia macho juu ya miwani. Tulizirudisha bila hiyo. 4.49.

Kule Mkunazini kulikuwa kimya kwa muda, nasikia nyundo ya kijana wake tu. Kisha mjomba akakohoa.

"Hiyo moja usiitupe," akasema. "Niletee zote."